Diski ya HD Imekataa Kucheza? Mwongozo Kamili wa Kuoanisha Diski, Deki na TV

Kila Mfungo Mosi, harusi zinapoanza kufuatana baada ya Ramadhani, huwa najua simu zitakazonijia mwezi mmoja baadaye. "Dada, diski imekataa." "Deki yasema haiijui." "Picha twaiona, sauti hamna." Kazi yangu ni kupiga video za kupamba, ile sherehe ya kumpamba na kumwonyesha bibi harusi, hapa Malindi, upande wa kina mama, na karibu kila diski niliyorudishiwa nimeikuta nzima. Diski ya aina moja ilitiwa kwenye deki ya aina nyingine, au deki nzuri iliunganishwa na TV kwa waya usiofaa.

Jambo hili lanigusa kwa sababu video ya kupamba si ya kurushwa kwa simu. Bibi harusi amevaa alivyovaa, shangazi na halati zake wamecheza wazi kwa kuwa ukumbi ni wa wanawake watupu, na familia nyingi hazitaki kabisa picha zile ziguse intaneti. Diski iliyofungiwa kabatini ndiyo amana yao. Lazima icheze.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Picha hupita milango kadhaa kabla ya kufika kwenye kioo cha TV, na mlango mmoja ukifungwa hutaona kitu hata kama mingine yote i wazi. Ukiruka hatua utamlaumu asiyehusika, na pengine utanunua deki ya pili bure.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Diski inayokusumbua, pamoja na kava lake.
- Diski nyingine ya aina hiyohiyo ambayo una hakika hucheza. Azima kwa jirani ikibidi.
- Deki na rimoti yake halisi. Rimoti ya kubahatisha mara nyingi haina kitufe cha kuingia kwenye mipangilio.
- Waya wa HDMI usiolegea, yaani ule mmoja unaobeba picha na sauti kutoka deki hadi TV.
- Tochi ya simu, ya kusomea maandishi ya nyuma ya TV na deki.
- Kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani.
- Flashi ya USB ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji ndani.
- Kompyuta yenye tundu la diski, ukiipata. Si lazima, lakini hufupisha kazi.

Onyo la kwanza, kabla ya kuchomeka chochote. Kama deki umeletewa na ndugu aliye Marekani, igeuze usome kibandiko cha nyuma. Stima yetu ni volti 240. Ukiona "100–240V", choma bila wasiwasi. Ukiona "120V" peke yake, usiichomeke. Ile adapta ndogo ya kubadilisha meno ya plagi hubadilisha umbo tu, volti zinabaki zilezile, na deki itaungua kabla hujaona hata taa yake. Hiyo yahitaji transfoma ya kushusha umeme. Deki za Uingereza, Italia, Oman na Dubai hutengenezwa kwa umeme unaokaribiana na wetu.

## Hatua ya 1: Itambue diski uliyoshika

VCD, DVD na Blu-ray zote zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Ndiyo maana trei ya deki yoyote itaipokea diski yoyote. Watu wengi hudanganyika hapo: imeingia, imezunguka, basi itacheza. La, kuingia ni jambo moja na kusomeka ni jingine.

Angalia maandishi karibu na tundu la katikati na alama iliyo kwenye kava.

VCD hubeba takriban MB 700. Picha yake ni nukta 352 kwa 288. Ukikuta taarabu za zamani kwenye diski, mara nyingi ni hizi.

DVD hubeba GB 4.7 ikiwa na tabaka moja, GB 8.5 ikiwa na mawili. Picha yake kwa PAL, mfumo wetu wa picha za TV, ni nukta 720 kwa 576. Hiyo si HD, yaani picha ya ubora wa juu, hata kava liandikwe nini.

Blu-ray hubeba GB 25 kwa tabaka moja na GB 50 kwa mawili. Picha hufika nukta 1920 kwa 1080, na hapa ndipo HD kamili inapoanza. Filamu za dukani huja kwenye kasha la rangi ya bluu.

Ultra HD Blu-ray, ambayo wengine huiita diski ya 4K, hubeba GB 50, 66 au 100, na picha yake ni nukta 3840 kwa 2160. Kasha lake kwa kawaida ni jeusi.

Kuna pia HD DVD, iliyoachwa kutengenezwa mwaka 2008. Naitaja kwa sababu moja tu: nyumba za Wazungu hapa Malindi zinapouzwa, vitu vya ndani huuzwa kwa maboksi, na ndani ya maboksi hayo waweza kukuta makasha mekundu yenye maandishi hayo. Deki ya kawaida ya Blu-ray haiyasomi. Usitoe pesa.

Diski ya kurekodi, kama ya harusi, haina kasha la kukuongoza. Igeuze upande wa chini kwenye mwanga. DVD ya kurekodi huonyesha rangi ya zambarau. Blu-ray ya kurekodi ni nyeusi zaidi, kama kioo cha moshi. Halafu soma maandishi madogo: DVD-R, DVD+R, BD-R au BD-RE.

Kuhusu diski za barabarani zenye filamu kumi na neno "Blu-ray" kavani: piga hesabu. Filamu moja ya saa mbili katika Blu-ray ya kweli hujaza sehemu kubwa ya GB 25, na mara nyingi huvuka. Filamu kumi ndani ya DVD ya GB 4.7 zinapata chini ya nusu GB kila moja. Neno lile ni pambo la kava.

Ukiwa na kompyuta, fungua diski utazame majina ya mafolda. MPEGAV ni VCD. VIDEO_TS ni DVD. BDMV ni video ya HD ya mfumo wa Blu-ray au wa AVCHD, ambao ni mfumo wa kurekodi wa kamera za HD. Folda haziongopi kama makava.

Hapa pana mtego uliowahi kunikamata mwenyewe. Waweza kuchukua diski tupu ya DVD, ukaandika ndani yake video ya HD kwa mfumo wa AVCHD. Diski ni DVD kwa umbo na kwa rangi, lakini folda yake ni BDMV. Deki nyingi za Blu-ray huicheza vizuri, ila deki ya DVD itaikataa kabisa. Niliwapa familia moja ya Barani diski kama hiyo, nikawahakikishia kwamba ni DVD. Walijaribu deki tatu za majirani, bibi mzaa bibi harusi amekaa kitini akingoja. Tangu siku ile siandiki "DVD" juu ya diski bila kueleza kilichomo.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: hii ni diski ya aina fulani, na ndani yake mna video ya mfumo fulani.

## Hatua ya 2: Jua deki yako inasoma nini

Tofauti ya deki ni mwanga wake. Deki husoma diski kwa leza, na mistari iliyoandikwa juu ya diski hutofautiana kwa ukaribu. CD na VCD husomwa kwa leza ya nanomita 780. DVD kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Blu-ray kwa leza ya bluu ya nanomita 405, kwa sababu mistari yake imebanana sana: kutoka mstari hadi mstari ni maikromita 0.32, wakati DVD ni 0.74. Kutaka leza nyekundu isome Blu-ray ni kutaka kamba ya nanga ipite kwenye tundu la sindano. Hakuna mpangilio wala fundi atakayeweza kulibadilisha hilo.

Kinyume chake chawezekana. Deki za Blu-ray hutiwa pia leza nyekundu, kwa hiyo husoma DVD zako za zamani pia. Kanuni ya kushika ni hii: deki mpya kwa kawaida husoma diski za nyuma, deki ya nyuma haisomi diski mpya.

- Deki ya DVD husoma DVD, na nyingi husoma CD na VCD. Basi.
- Deki ya Blu-ray husoma Blu-ray na DVD. CD za muziki pia, kwa kawaida.
- Deki ya Ultra HD Blu-ray husoma hizo zote pamoja na diski ya 4K.

Onyo. Kosa linalonirudia kila mwezi ni deki ya DVD iliyoandikwa usoni "Full HD 1080p" au "HDMI 1080p". Maana yake ni kwamba deki huchukua picha ndogo ya DVD na kuitanua ijaze TV ya HD. Inatanua, haiongezi kitu. Haina leza ya bluu. Ukienda dukani, usiulize "hii ni HD?" kwa maana muuzaji atajibu ndiyo, naye hatakuwa amesema uongo. Uliza kama ina alama ya Blu-ray Disc, kisha itafute mwenyewe kwenye trei au usoni pa deki.

Watoto wakiwa na mashine ya mchezo, huenda deki unayo tayari. PlayStation 3 na 4 husoma Blu-ray. Hazisomi diski ya 4K, na hilo lagusa hata PS4 Pro ambayo watu hudhani ni ya 4K kwa kila jambo. PlayStation 5 yenye tundu la diski husoma zote mbili. Xbox One ya kwanza husoma Blu-ray, wakati Xbox One S, One X na Series X hufika hadi 4K. Xbox huhitaji kwanza kupakua programu ya Blu-ray, na PS4 huhitaji kuunganishwa na intaneti mara moja kabla ya kucheza diski za filamu. Ikikataa siku ya kwanza, washa hotspot ya simu kabla ya kuita fundi. PlayStation 2 husoma DVD, si zaidi.

Kwa kompyuta, soma maandishi ya kwenye kidrowa cha diski. "DVD+RW" haisomi Blu-ray. Unatafuta herufi BD. Hata ukizipata, programu kama VLC itakuchezea diski ya harusi isiyo na kufuli, lakini filamu za kampuni zimefungwa kwa ufunguo na zinataka programu maalumu ya kulipia.

Umefaulu ukiona alama ya deki iko sawa na aina ya diski uliyoitaja katika hatua ya kwanza, au iko juu yake. Haiko? Simama hapa. Hatua zinazofuata hazitakusaidia. Omba diski ya aina nyingine au tafuta deki nyingine.

## Hatua ya 3: Angalia kanda ("region")

Hatua hii ni ya filamu za kampuni peke yake. Video ya harusi niliyoirekodi mimi haina kanda, na mtu akikwambia diski ya kupamba imekataa kwa sababu ya kanda, amekisia.

Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika maeneo yaitwayo kanda, ili diski ya kanda moja icheze kwenye deki za kanda hiyo. Kwa DVD, Kenya iko kanda ya 5. Kwa Blu-ray, iko kanda B. Diski ya kanda isiyolingana na deki itakuandikia ujumbe kwenye TV kisha ikome.

Sisi wa pwani jambo hili latubana zaidi kwa sababu vitu vyetu hutoka pande nyingi:

- Kutoka India: DVD kanda ya 5, sawa na yetu. Lakini Blu-ray ni kanda C. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuchezesha DVD za Kihindi miaka yote hushangaa Blu-ray ya kwanza aliyoletewa kutoka Mumbai ikikataa.
- Kutoka Oman, Dubai na Saudia: DVD kanda ya 2, Blu-ray kanda B. Hapa ni kinyume: Blu-ray itakubali, DVD huenda ikakataa.
- Kutoka Italia na Uingereza: DVD kanda ya 2, Blu-ray kanda B, kama Oman.
- Kutoka Marekani: DVD kanda ya 1, Blu-ray kanda A. Zote mbili zinapishana nasi.

Tazama nyuma ya kava. Namba ya DVD huwa ndani ya alama ya tufe la dunia. Herufi ya Blu-ray huwa ndani ya alama ya pembe sita. Ukikuta herufi A, B na C pamoja, diski imefunguliwa kwa dunia nzima, na za namna hiyo ni nyingi. Ultra HD Blu-ray hazina kanda, ila kumbuka kwamba kasha la 4K mara nyingi hubeba pia diski ya pili ya Blu-ray ya kawaida, na hiyo yaweza kuwa na kanda.

Deki nyingi za DVD zinazouzwa kwetu hucheza kanda zote. Usidhani deki ya Blu-ray ni hivyo pia: nyingi zimefungwa upande wa Blu-ray hata kama upande wa DVD uko wazi. Kabla ya kulipa, omba dukani ujaribu kwa diski yako.

Onyo kwa wenye kompyuta: ukitia DVD ya kanda nyingine, kompyuta itauliza kama ubadilishe kanda. Tundu la diski hukubali mabadiliko matano tu, kisha hujifunga kwenye kanda ya mwisho moja kwa moja. Usibonyeze ndiyo kwa haraka.

Umefaulu ukiona herufi au namba ya kavani inalingana na ya nyuma ya deki, au diski imeonyesha menyu yake ya kwanza.

## Hatua ya 4: Waya na TV

Unganisha deki na TV kwa HDMI, kisha chukua rimoti ya TV, bonyeza kitufe cha chanzo cha picha na uchague tundu uliloliingiza. Kioo cheusi mara nyingi ni TV inayotazama tundu jingine.

TV za zamani zenye mgongo hazina HDMI, zina matundu matatu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Deki za Blu-ray zilizotengenezwa baada ya mwaka 2013 kwa kawaida hazina tundu la njano. Si ubahili wa kiwanda. Masharti ya leseni ya Blu-ray yalikataza kutoa picha kwa njia ya analogi, kwa hofu ya kurekodiwa. Kuna visanduku vya kugeuza HDMI kuwa matundu matatu, lakini picha itakayotoka ni ya kiwango cha DVD. Kama TV ndiyo hiyo na huna mpango wa kuibadilisha, agiza DVD. Utapata picha ileile kwa gharama ndogo.

TV yenye alama "HD Ready" mara nyingi ina nukta 1366 kwa 768. Itacheza Blu-ray, na utaona tofauti na DVD, ingawa si HD yote. TV ya 1080 ndiyo saizi yake hasa. Huhitaji TV ya 4K kwa Blu-ray ya kawaida.

Kwa diski ya 4K mambo ni magumu zaidi. Deki na TV huulizana ruhusa kupitia waya, na kwa 4K ruhusa hiyo yaitwa HDCP 2.2. TV ya 4K yaweza kuwa na matundu manne ya HDMI na moja tu kati yake likawa na ruhusa hiyo. Mulika kwa tochi usome kilichoandikwa kando ya kila tundu. Ukipitisha waya kwenye spika kubwa ya sebuleni, nayo lazima iwe na ruhusa ileile, la sivyo deki hushusha picha au huizima.

Picha ikimeta na kupotea, badilisha waya kabla ya kubadilisha chochote kingine. Na kama kioo kimekuwa cheusi baada ya kuchezea mipangilio, tafuta kitufe cha "Resolution" kwenye rimoti ya deki ukibonyeze mara kadhaa hadi picha irudi.

Neno kwa wenye ndugu ughaibuni: video zangu hupigwa kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde, kwa mpangilio wa PAL. Deki na TV nyingi zilizonunuliwa Marekani hazipokei mpangilio huo, hufanya kazi kwa fremu 30 na 60. Diski inayocheza vizuri Malindi yaweza kukataa kwa dada yako Ohio ijapokuwa hakuna kanda wala kufuli. Akiitaka, mwambie mpiga video akutengenezee nakala yake tangu mwanzo.

Umefaulu ukiona nembo ya deki kwenye TV kabla hata hujatia diski. Nembo ikionekana, waya na TV vimepita mtihani.

## Hatua ya 5: Picha ipo, sauti hamna

Hii ni nyepesi, na watu hutumia pesa nyingi juu yake. Sauti ya Blu-ray huwa imefungashwa kwa mifumo kama Dolby au DTS. Deki ikiituma ilivyo, TV nyingi hushindwa kuifungua DTS, basi kimya.

Ingia kwenye mipangilio ya deki, upande wa sauti, pale palipoandikwa "Bitstream" au "Auto", uchague PCM. Sasa deki yenyewe ndiyo inayofungua sauti na kuipa TV ikiwa tayari. Menyu hizi kwa kawaida huwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta neno "Audio".

Umefaulu ukisikia ngoma na vigelegele bila kukatika, na midomo ya waimbaji ikienda sambamba na sauti.

## Hatua ya 6: Sasisha programu ya deki

DVD zako zinacheza, Blu-ray za zamani zinacheza, lakini filamu mpya inakwama kwenye skrini ya kupakia. Hapo deki imepitwa na wakati. Diski za filamu hufungwa kwa funguo, na funguo hizo hubadilishwa kila baada ya muda. Deki isiyosasishwa haina ufunguo mpya.

Ukiwa na intaneti, unganisha deki na hotspot ya simu na uchague "Update" kwenye mipangilio. Kama deki haina Wi-Fi, nenda tovuti ya mtengenezaji, pakua faili la namba kamili ya modeli yako, uliweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa faili uitwao FAT32, uchomeke kwenye deki.

Onyo kali. Stima ikikatika katikati ya kusasisha, deki yaweza kufa moja kwa moja. Usifanye kazi hii jioni ambapo umeme hukatika-katika, wala siku ya mvua. Mimi hufanya asubuhi mapema. Usitumie faili la modeli inayofanana. Herufi moja ikitofautiana, liache.

Umefaulu ukiona namba mpya ya toleo kwenye ukurasa wa taarifa za deki.

## Hatua ya 7: Chumvi, unyevu na mikwaruzo

Pwani yetu haina huruma kwa leza. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hushika unyevu, na lenzi hufunikwa na utando mwembamba usiouona. Deki inayosoma DVD lakini imeanza kukataa Blu-ray ilizokuwa ikizicheza mara nyingi ina lenzi chafu au leza ya bluu iliyochoka. Jaribu diski nyingine tatu. Zikikataa zote, shida ni ya deki. Ikikataa moja, shida ni ya diski.

Futa diski kwa kitambaa laini kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu sehemu ndefu ya mstari uleule, na deki hushindwa kujaza pengo.

Kamwe usisugue Blu-ray kwa dawa ya meno. Najua dawa hiyo imeokoa DVD nyingi za mtaani. DVD ina data yake milimita 0.6 chini ya uso wa plastiki, kwa hiyo kuna nyama ya kusugua. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, chini ya utando mgumu wa kuikinga. Ukisugua unaondoa kinga yenyewe. Hata mashine za kukwangua na kusawazisha uso wa diski hazifai.

Deki ikitoka chumba chenye kiyoyozi na kuingia joto la nje, matone hujikusanya kwenye lenzi kama kwenye glasi ya maji baridi. Iache saa moja au mbili kabla ya kutia diski.

Umefaulu ikiwa diski imesomwa ndani ya dakika moja na imepita mahali ilipokuwa ikikwama.

## Hatua ya 8: Unapoagiza diski ya harusi

Nusu ya matatizo haya yangekwisha kabla ya siku ya nikahi kama maswali yangeulizwa mapema. Mwambie mpiga video deki yenu ni ya aina gani. Mpigie picha alama ya kwenye trei umtumie. Mimi huomba picha hiyo kabla ya kupokea arbuni.

Kisha mwulize haya, na usione haya kuyauliza.

Je, ni Blu-ray ya kweli, yaani diski ya BD-R yenye folda ya BDMV, au ni video ya HD ndani ya DVD? Zote zawezekana, lakini lazima ujue unalipia ipi.

Je, dakika ngapi zitaingia? Kwa video inayotumia megabiti 25 kwa sekunde, diski ya GB 25 hubeba takriban saa mbili na dakika kumi. Shughuli ya kupamba yaweza kuvuka hapo. Akikwambia saa sita zimeingia zote kwenye diski moja kwa ubora wa juu kabisa, picha imebanwa mahali fulani. Afadhali diski mbili.

Je, diski imefungwa mwishoni mwa kurekodi, yaani "finalize"? DVD ya kurekodi isiyofungwa mwishoni mara nyingi hucheza kwenye mashine iliyoirekodi peke yake. Hili ndilo linaloelezea diski inayocheza studio na kukataa nyumbani.

Kuhusu diski tupu zenyewe: ziko BD-R za bei nafuu zilizoandikwa LTH, na deki kadhaa za zamani hazizisomi. Mwombe atumie zisizo LTH na arekodi kwa kasi ndogo. BD-RE hufutika na kuandikwa upya. Kwa amana ya familia chagua BD-R, ambayo mtoto hawezi kuifuta kwa bahati mbaya.

Omba nakala mbili: moja ya Blu-ray, moja ya DVD ya kawaida kwa ajili ya deki ya bibi. Na nakala ya flashi, faili la MP4 lililobanwa kwa mfumo wa H.264, ikiwa familia imeridhia. Angalizo hapo: deki na TV nyingi za zamani husoma flashi ya FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Video ndefu ikatwe vipande.

Diski ya kupamba isipelekwe duka lolote kunakiliwa. Kila kompyuta inayopita yaweza kubaki na nakala, na huwezi kujua nani ataifungua usiku. Mrudie aliyeipiga, au mwombe binti wa nyumbani mwenye kompyuta aifanye mbele yenu, kisha afute faili lililobaki.

Mwisho, usipokee diski mlangoni. Itieni kwenye deki mtakayoitumia, mwanzo, katikati na dakika tano za mwisho, mpiga video akiwa amekaa hapo. Ukingo wa nje ndio unaoandikwa mwisho, na ndiko makosa ya kurekodi hujificha mara nyingi. Kwa familia za Lamu, ambako siwezi kukaa sebuleni nikingoja, mimi hutuma nakala kwa safari mbili tofauti, kila moja imefungwa kwenye plastiki mbili kabla ya kupanda boti ya Mokowe ya kuvukia Lamu, na hungoja simu ya shangazi wa bibi harusi iniambie kwamba ameona zafe mwanzo na keki mwisho. Kabla ya simu hiyo sifuti chochote kwenye kamera.